Shule Mbili za Topeka

Huko Marekani elimu haitawaliwi kutoka makao makuu ya serikali kama ilivyozoeleka kwetu. Kwa kawaida kila eneo huwa na wilaya ya shule, yenye halmashauri ambayo mara nyingi huchaguliwa na wenyeji, nayo mara nyingi hutoza kodi, hujenga madarasa na kuajiri walimu. Mawazo ya halmashauri ya namna hiyo huweza kusomeka katika majengo yake, na mahali pa kuyasoma ni Topeka, mji mkuu wa jimbo la Kansas.

Shule ya Monroe ilijengwa mwaka 1926, nyumba ya matofali yenye ghorofa mbili, iliyopambwa kwa mawe ya chokaa. Sumner ilijengwa miaka 10 baadaye. Monroe ilikuwa ya watoto weusi, Sumner ya weupe, kwa kuwa sheria ya Kansas ya mwaka 1879 iliiruhusu miji mikubwa kuwatenga watoto wa shule za msingi. Weusi walikuwa na shule 4, weupe 18.

Msomaji asidhani kwamba Monroe ilikuwa kibanda. Shauri liliposikilizwa Kansas mwaka 1951, majaji waliona kwamba majengo, masomo na walimu wa pande zote mbili walikuwa karibu sawa. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, maana mzazi hakuweza kulalamika kwamba paa linavuja. Bwana Oliver Brown, mchomeleaji vyuma wa shirika la reli na msaidizi wa mchungaji, aliishi mitaa 7 tu kutoka Sumner. Lakini binti yake Linda ilimpasa kutembea kando ya njia za reli hadi kituo cha basi, ndipo apelekwe Monroe. Wazazi 13 walishtaki. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walikata shauri kwamba kule kutenga ndiko upungufu, hata majengo yakilingana. Kenya, iliyokuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika hadi miaka ya 1960, haihitaji mfasiri wa maneno hayo.

Kuna jambo ambalo, kwa maoni yangu, halisimuliwi vya kutosha. Mwaka 1953, hukumu ikingali ikingojewa, baadhi ya walimu weusi wa Topeka waliandikiwa barua kwamba hawataajiriwa tena mwaka utakaofuata, kwani ilidhaniwa kuwa wenyeji wengi hawatapenda mwalimu mweusi awafundishe watoto weupe. Basi mlango ulifunguliwa kwa mwanafunzi, na mwalimu wake akaonyeshwa mlango mwingine. Shauri lenyewe lilifunguliwa upya mwaka 1979, na wilaya haikuachiliwa na mahakama mpaka 1999.

Monroe ilifungwa mwaka 1975, ikauzwa. Mwaka 1992 ilitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa, na tangu tarehe 17 Mei 2004 wageni hupokelewa katika madarasa yale yale. Sumner, ile iliyomkataa Linda Brown, ilifungwa mwaka 1996, ikakaa tupu, ikauzwa kwa mnada mwaka 2009.