Kioo Kati Yangu na Baba

Likizo ya Juni mwaka jana nilimkuta baba ameshanunua karatasi ya tinti, imeviringishwa kama kalenda. Fundi wa mjini alikuwa amemtajia bei, naye akaona kijana wa miaka 25 anayesoma falsafa hawezi kushindwa na vioo vya gari. "Tutabandika wenyewe," akasema.

Kiyoyozi cha gari lake kilikufa zamani, na jua la Morogoro mnalijua. Karatasi ilikuwa ya asilimia 35, yaani hicho ndicho kiasi cha mwanga inachopitisha. Nilidhani iliyo nyeusi zaidi ndiyo inayopoza zaidi. Sivyo. Kuzuia joto kunategemea ilivyotengenezwa. Zipo nyepesi za kauri zinazozishinda nyeusi za bei rahisi. Yetu ilikuwa ya bei rahisi. Kioo kikubwa cha mbele hatukukigusa, maana dereva lazima aone vizuri usiku.

Karatasi hukatwa ikiwa nje ya kioo, lakini hubandikwa ndani. Nje unapulizia maji ya sabuni, unailaza, unakata kwa wembe ukiacha ziada kidogo, kisha unaipasha kwa draya ya nywele (ya dada yangu, hakuombwa) mpaka ifuate mpindo wa kioo. Ndani unabandua nailoni ya kinga, unalowesha gundi, unaiweka, unasukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni. Maji hayo ndiyo yanayokupa muda wa kuisogeza. Yakikauka mapema, umekwisha.

Kioo cha kwanza tulikiharibu. Upepo ulileta vumbi, na kila chembe ikajijengea kihema chake chini ya karatasi. Baba akaibandua bila neno. Tukamwagia uwanja maji, tukaanza upya.

Kufikia kioo cha tatu tulikuwa tumegawana kazi: mimi ndani nikisukuma maji, yeye nje akitafuta mapovu. Najua yupo msomaji anayengoja nimtaje Plato na pango lake. Siku hiyo sikumkumbuka, nilikuwa nawaza vumbi.

Majirani huniita Frateri. Baba hajawahi. Mimi ni mwanawe wa kiume pekee, na tangu niingie seminari hajasema kama amefurahi au amechukia. Sasa nilimwona vizuri, jasho na mvi zake; yeye aliona kivuli tu. Akagonga kwa kidole.

"Hapa kuna povu."

Nikalisukuma. Akaendelea kukitazama kioo, kisha akauliza, "Ukiona kazi ile haikufai, utaogopa kurudi?"

Swali hilo nilikuwa nalo tangu mwaka wa pili. Sikuwa nimemwambia mtu, hata mlezi wangu. Nadhani kama angeniuliza mezani ningemjibu kwa maneno ya vitabuni.

"Ndiyo, baba. Naogopa watu."

Akanyamaza kidogo. "Watu hawali kwetu," akasema. "Chumba chako kipo." Akagonga tena. "Lingine hapa chini."

Jioni nilimweleza mengine, uso kwa uso, ingawa kupitia kile kioo ilikuwa rahisi zaidi. Mwaka huu namaliza falsafa. Barua ya kuomba kuendelea na teolojia nimeiandika mwezi uliopita, na niliiandika kwa mkono usiotetemeka.

Gundi ile huhitaji siku kadhaa kukauka, na kabla ya hapo vioo havishushwi. Jumapili baba alitupeleka misa ya kwanza vioo vyote vikiwa juu, mama akijipepea kwa kitabu cha nyimbo na kumsihi afungue hata kidogo. Alikataa katakata. Baada ya misa aliwaita wazee wawili waje waone. Povu moja lilikuwa limebaki kwenye mlango wa nyuma, akasimama mbele yake kulificha.

"Fundi ni huyu wangu," akawaambia.