Mashine ya Oksijeni Ikihamia Nyumbani

Mimi ni fundi wa vifaa tiba, Dar es Salaam. Nilifundishwa kutengeneza mashine za hospitalini, kule ambako jenereta huwaka umeme ukikatika na muuguzi wa zamu yuko hatua chache kutoka kitandani. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu iko Mbagala, Gongo la Mboto na Tabata, ndani ya vyumba vya watu. Kuna waliopona kifua kikuu wakabaki na mapafu yenye makovu, wazee wenye maradhi ya moyo, na wagonjwa ambao familia zimeamua kuwauguza nyumbani hadi mwisho. Wanaruhusiwa, na mashine inapakiwa kwenye bajaji pamoja nao. Mashine nyingi ninazozikuta huko zilibuniwa na watu waliokuwa wakiifikiria wodi.

Nizungumzie ile ninayoijua zaidi, mashine ya kuzalisha oksijeni. Inavuta hewa ya chumbani, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21 na karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Kompresa inaisukuma hewa hiyo kwenye mitungi miwili iliyojaa punje za zeolaiti, ambazo hunasa naitrojeni, na kinachofika puani kwa mgonjwa ni oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Haijazwi kama mtungi wa gesi, ndiyo maana madaktari wanaipenda kwa mgonjwa wa nyumbani. Inachohitaji ni hewa safi na umeme, na karibu kila simu ninayopigiwa inahusu kimoja kati ya hivyo.

Mashine ya lita 5 kwa dakika hula wati 350 hivi. Ikiwaka usiku na mchana ni kama uniti 8 na nusu za LUKU kwa siku. Nyumba nyingi ninazoingia ziko kwenye lile daraja la bei nafuu, la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Mashine peke yake inazimaliza siku ya tisa. Mwezi bado mbichi, na kuanzia hapo bei ya uniti inapanda sana. Sijawahi kuona karatasi ya ruhusa yenye hesabu hiyo.

Katika nyumba moja nilipokelewa na bibi, mke wa mgonjwa, na mjukuu wake wa kidato cha pili. Niliitwa kwa sababu mashine ilikuwa inalia. Nikaamkia, nikakaribishwa chumbani. Mashine ilisukumwa hadi kwenye kona, mgongo wake ukagusa ukuta, na juu yake imefunikwa khanga iliyokunjwa mara mbili ili ipunguze ngurumo. Nilipochomoa sponji ya kuchuja hewa, ilikuwa nyeusi kwa masizi ya jiko la mkaa linalopikiwa uani, karibu na dirisha. Kompresa ilikuwa inavuta hewa kwa shida, joto limepanda, na taa ya njano inawaka pembeni ya maneno ya Kiingereza ambayo mjukuu aliyasoma lakini hakujua ayafanyie nini. Niliiosha sponji kwa maji na sabuni, nikaikamua, nikaianika mpaka ikakauka kabisa. Kisha nikaivuta mashine mbele, pande zote zipate hewa, na mlio ukakoma.

Hapo ndipo bibi aliponiambia jambo lililo kubwa kuliko sponji. "Mchana tunaiwasha, mwanangu. Usiku tunaizima, uniti zisije zikaisha." Mzee alikuwa anakosa oksijeni saa zile zile anapoihitaji zaidi, kwa maana mtu mwenye mapafu mabovu, oksijeni ya damu yake hushuka zaidi akiwa usingizini. Hakuna hata mmoja pale aliyekuwa mzembe. Familia ilifanya uamuzi wa pesa bila kuelezwa uzito wake kitabibu, na mashine yenyewe haikuwa na njia ya kuwaambia.

Tangu hapo msimamo wangu haujabadilika. Mgonjwa analala tu. Mtumiaji wa kifaa cha nyumbani ni yule anayeamka saa nane usiku kikilia. Mara nyingi ni mke mwenye miaka 60 na zaidi, au binti wa shule, au dada wa kazi. Mbunifu asipomfikiria huyo kwanza, kifaa kitafanya kazi vizuri maabara na kuzimwa nyumbani.

Wanaotunga viwango wameanza kuliona. Kipo kiwango cha kimataifa cha IEC, namba 60601-1-11, kilichotoka mwaka 2010 na kurekebishwa 2015, kinachohusu vifaa tiba vya umeme vinavyotumika majumbani. Kinataka kifaa kifanye kazi kuanzia nyuzijoto 5 hadi 40. Pia kinakataza usalama wa kifaa kutegemea waya wa ethi wa nyumba, na sharti hilo nalipenda sana. Aliyeliandika alijua nyumba zilivyo. Mimi nimeona soketi za matundu matatu ambazo tundu la ethi halijaunganishwa popote, na ekstensheni inayolisha friji, televisheni na mashine ya mgonjwa kwa pamoja. Jinsi volti zinavyopanda na kushuka jioni mtaa mzima unapopika na kuwasha taa, hilo bado tunapambana nalo kwa stabilaiza za dukani.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho kina kasoro iliyoanzia mezani kwa mbunifu. Kinapitisha mwanga kwenye ngozi na kusoma rangi ya damu. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba kwa wagonjwa weusi, oksijeni iliyoshuka sana ilipitwa bila kuonekana karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kifaa kinasema 93, damu inasema vingine. Sisi tunaouza, kutengeneza na kutumia vipimo hivi karibu wote ni weusi. Kwa hiyo ninaifundisha familia isiitegemee namba peke yake. Mtazame mbavu zake anapovuta pumzi, tazama midomo, sikiliza kama anamaliza sentensi. Lakini ni haki yetu kudai vipimo vilivyojaribiwa kwenye ngozi kama zetu kabla ya kuingia sokoni.

Mashine ya presha ya nyumbani nitaisema kwa ufupi: mkanda usioenea mkono mnene unapandisha namba, na mtu anaongezewa dawa asizozihitaji. Maduka mengi yanauza saizi moja tu.

Naulizwa sana kuhusu mashine zenye laini ya simu, zinazotuma taarifa hospitali. Nazitaka, kwa sababu moja ya kiufundi. Zeolaiti ikinywa unyevunyevu inachoka kimyakimya, mashine inaendelea kunguruma vilevile huku oksijeni ikishuka chini ya asilimia 82, kiwango ambacho haipaswi kushuka. Ujumbe ukifika kwenye simu ya fundi mapema, punje zinabadilishwa kabla mgonjwa hajaanza kuhema. Lakini ujumbe unaofika kwenye kompyuta ya ofisi iliyofungwa tangu Ijumaa haumsaidii mtu. Kabla ya kununua mfumo wa namna hiyo, naomba kwanza ijulikane nani anashika simu Jumapili usiku, na analipwa na nani.

Kwa wenzangu wanaoandika mahitaji ya zabuni za vifaa vya kwenda majumbani, haya ndiyo ninayoomba yaingie. Sponji za akiba za mwaka mzima ziwemo ndani ya boksi. Mashine iseme tatizo lake kwa sauti ya Kiswahili na kwa picha, kuanzia "nisogeze mbali na ukuta". Wati ziandikwe kwa herufi kubwa ubavuni, pamoja na uniti za siku. Uwepo mtungi mdogo wa akiba wa kumvusha mgonjwa umeme ukikatika, na onyo la kuuweka mbali na jiko. Mafunzo wapewe watu wawili wa nyumba ile, siku mbili kabla ya mgonjwa kuruhusiwa, na mmoja wao awe yule anayelala chumba kimoja naye.