Usiku Nilioshika Kidole Kisichofaa

Mpenzi msomaji, hebu liweke gazeti hili mapajani kwa muda. Kwa mkono wako wa kulia, kamata kidole gumba cha mkono wa kushoto. Usikifinye. Kishike tu, vile mtoto mchanga anavyoshika kidole cha mamake. Vuta pumzi polepole, uitoe polepole. Baada ya dakika mbili tatu huenda ukahisi kitu kikipiga taratibu ndani ya ngumi yako. Usipokihisi, usijali. Hata mimi siku ya kwanza niliambulia patupu, nikaona ninapotezewa wakati.

Niliyafundishwa haya mwaka 2019 na mtawa mmoja katika semina ya wazazi mjini Malaba. Mimi ni mkazi wa Busibwabo, kaunti ya Busia, na riziki yangu ni nafaka ninayoinunua mpakani na kuiuza. Kifungua mimba wangu ana ugonjwa wa seli mundu, ule ambao wengi wetu huku tunauita siko seli. Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa duara, hujipinda mithili ya mundu na kukwama katika mishipa midogo. Hapo mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa hadi ukatamani uyabebe wewe. Ugonjwa huu umeenea zaidi mahali ambapo malaria imekita mizizi, kwani anayerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anayerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeumia. Mimi na baba watoto hatukujua kwamba sote tulikuwa nayo.

Basi mtawa akatuambia kuwa anayemuuguza mwenzake naye huugua kimyakimya. Akatuonyesha vidole. Gumba hushikwa kwa sababu ya wasiwasi, cha shahada kwa hofu, cha kati kwa hasira, cha pete kwa huzuni. Kile kidogo cha mwisho ni cha mtu anayejikaza kisabuni, anayejifanya mzima ilhali ndani anabomoka. Wanawake tulitazamana, tukacheka.

Sanaa yenyewe huitwa Jin Shin Jyutsu. Iliasisiwa upya huko Japani na Jiro Murai, aliyezaliwa mwaka 1886. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana aliugua hadi akakatiwa tamaa, akaomba apelekwe mlimani peke yake, na huko akawa anashika vidole vyake kwa namna mbalimbali mpaka akapona. Mwanafunzi wake Mary Burmeister, mzaliwa wa Seattle aliyekuwa na wazazi Wajapani, ndiye aliyeipeleka Marekani. Wafuasi wake husema mwili una vituo 26 ambavyo nguvu ya uhai hukwama, na kwamba kuvigusa kwa upole huifungulia njia. Vidole ndivyo sehemu iliyo rahisi kuliko zote, na shirika la Capacitar limewafundisha hata watu walioponea vita nchini Rwanda na Kongo.

Mama mkwe alinikuta nimekaa jikoni nikishika kidole, akaniuliza kama nimejiunga na dini ya Wajapani. Nilimwambia ninapumzika. Hakuridhika.

Lakini kwa hakika nilikuwa ninapumzika. Mwezi Mei 2020, madereva wa malori walipokuwa wakingojea majibu ya vipimo vya korona na foleni ya Malaba ikarefuka makumi ya kilomita, biashara yangu ilidorora nikashika kidole cha kati mpaka kikachoka. Usingizi ulianza kunirudia. Nikaacha kuwagombeza watoto ovyo. Nikaanza kuamini, msomaji, na hapo ndipo nilipokosea.

Usiku mmoja wa mvua mwanangu aliamka saa saba akilia miguu. Mwili ulikuwa moto. Nilijua la kufanya: maji mengi, blanketi, dawa ya maumivu, na kwa sababu ana homa, hospitali bila kuchelewa. Niliyafanya yote isipokuwa hilo la mwisho. Nje kulikuwa na matope, nauli ya boda boda ya usiku ni ghali, na mimi nilikuwa na sanaa yangu. Nikakishika kidole chake cha shahada. Akatulia kidogo. Nikahamia cha pete. Mfa maji haachi kutapatapa.

Saa kumi alfajiri nilisikia pumzi zake zikienda mbio. Nilimulika tochi ya simu, nikaona midomo imepauka na macho ni manjano. Tulipakiana kwenye pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Hospitalini walimwekea hewa ya oksijeni na damu. Daktari kijana akaniuliza homa ilianza saa ngapi.

Nikamjibu, "Saa tisa."

Nilidanganya. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini nikajikuta nimekishika kidole kidogo, kile cha mwisho, bila kukusudia. Baada ya kama robo saa niliinuka nikamfuata daktari nikamwambia ukweli: ni saa saba, na nilikuwa ninamshika vidole. Hakunikaripia. Aliandika tu. Kisha akasema, "Mama, wewe endelea kujishika. Yeye mlete."

Sijaona utafiti unaothibitisha kwamba vidole vinatibu ugonjwa wowote, na sikuahidi hayo mtu yeyote. Homa, pumzi za shida, tumbo kuvimba au weupe wa ghafla kwa mtoto wa namna hii havingoji dakika kumi. Kwa mwanangu kazi inafanywa na haidroksiyurea, asidi ya foliki, chandarua na maji. Mimi hujishika njiani, nikiwa tayari nimepanda pikipiki, ili nikifika niweze kujibu maswali bila kutetemeka.

Alipolazwa mara ya mwisho muuguzi alikuwa akitafuta mshipa wa kutia sindano, na mimi nimesimama kando nimefumba ngumi. Mwanangu akageuka akanitazama mikono.

"Mama, hicho umeshika ni cha hofu au cha hasira?"