Mlango Tuliofunga

Wapendwa vijana, mwaka 1993 majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi. Maelfu walikesha kwenye stesheni ya reli wakingoja treni, na wengine walifia hapo. Sisi hapa Musonoi tulikuwa vijana kama ninyi. Hatukumpiga mtu. Lakini jirani aliyetufundisha hesabu alipobisha usiku, tulizima taa tukanyamaza.

Kwa miaka mingi tulijitetea kwamba tuliogopa, na kwamba wengi walifanya vivyo hivyo. Utetezi huo haukutupa usingizi. Majuto nayo hayakumfungulia mtu mlango. Siku tulipokiri wazi kwamba tulikosa, ndipo mzigo ulipopungua. Petro naye alilia, kisha akarudi kuwachunga wenzake.

Maji yakimwagika hayazoleki. Jirani yule hatukumwona tena. Leo watu wa Kasai wanakuja tena Kolwezi kutafuta kazi, na maneno ya zamani yanasikika tena. Safari hii hatunyamazi. Hivyo ndivyo tunavyoishi na kosa letu bila kulemewa nalo.

Nanyi jiulizeni katika kundi lenu: kati ya waliofika karibuni, ni nani ambaye bado hatujamkaribisha?