Usiku Mmoja Chumbe, Kisiwa Kisicho na Kisima

Sisi watu wa Voi huyajua maji kwa kuyakosa. Mji wetu umekaa katika tambarare kavu, milima ya Taita upande mmoja na mlima wa Sagalla upande wa pili, na mvua inayotufikia kwa mwaka mzima haipati milimita 600 kwa wastani. Kwa hiyo msomaji asistaajabu nikimwambia kwamba nilikwenda kulala katika kisiwa cha Chumbe, ambako wageni wengi huenda kutazama samaki na mnara wa taa, na mimi nikatumia sehemu kubwa ya muda wangu kutazama mabirika ya maji.

Chumbe ni kisiwa kidogo kilicho katika mkondo wa bahari kati ya Unguja na bara, kiasi cha kilometa 12 kusini mwa Mji wa Zanzibar. Urefu wake ni kama kilometa moja, na upana wake kama mita 300. Hakuna kijiji huko, wala duka, wala barabara. Tena hakuna kisima. Kisiwa chote ni jiwe la matumbawe ya kale yaliyoinuka kutoka baharini, na mvua ikinyesha juu yake hupenya mara moja ikapotelea chini. Hata hivyo pana nyumba za wageni, na watu hulala, hula na kuoga kama kawaida.

Safari ya kutoka kwetu ni ndefu. Nilipanda gari la moshi Voi, katika reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, nikashuka Mombasa; kisha basi la Lunga Lunga na Horohoro, tukapita Tanga hata Dar es Salaam, na toka hapo boti ya kuvukia Unguja. Mpwa wangu afanyaye kazi Mjini alinipokea bandarini. Ndiye aliyenilipia usiku ule mmoja, maana bei ya kulala Chumbe imepangwa kwa mifuko ya wageni watokao ng'ambo, wala sitaficha kwamba kwa fedha zangu mwenyewe nisingefika. "Mjomba," akaniambia, "umezoea kuhesabu ndovu. Kesho ukahesabu samaki."

Mashua huondoka pwani ya Mbweni saa nne asubuhi, na kwa muda wa dakika 45 hivi mtu huwa amefika. Kitu cha kwanza kuonekana ni mnara, umesimama peke yake juu ya miti kama mlingoti wa jahazi ambalo mwili wake umezama. Maji yalikuwa yamekupwa, basi tukavua viatu tukateremka na kutembea ndani ya maji ya magotini hata mchangani. Akatupokea mwangalizi mmoja wa kisiwa, mtu wa makamo, mwenye ngozi iliyoungua na jua la bahari.

"Shikamoo, mzee. Karibu Chumbe."

"Marahaba, mwanangu. Tumekaribia."

Alituambia kwamba zamani alikuwa mvuvi. Baadhi ya waangalizi wa kisiwa hicho walikuwa wavuvi, wakafundishwa kazi ya ulinzi na kazi ya kuongoza wageni, na nadhani hapana mtu awezaye kumzuia mvuvi asitupe nyavu mahali palipokatazwa kuliko mvuvi mwenzake.

Mnara huo ulijengwa mwaka 1904, katika siku za utawala wa Waingereza Zanzibar, ili kuongoza meli zinazoingia bandarini kutoka kusini. Mwaka 1926 taa yake ilibadilishwa ikawa ya gesi. Siku zile aliishi hapo mlinzi wa taa, na karibu na mnara ungali umesimama msikiti mdogo uliojengwa kwa mtindo wa Kihindi, ambamo alisali. Nyumba yake ilibomoka baada ya kuachwa. Wenye mradi waliitengeneza upya, na sasa ndiyo baraza ya wageni, mahali pa kulia chakula na kusomea. Nilipanda ngazi za mnara, ambazo ni zaidi ya 100, nikipumzika mara mbili. Juu kabisa mtu huona Unguja upande wa mashariki, Mji upande wa kaskazini, na upande wa magharibi bahari tupu inayokwenda mpaka bara. Nikamfikiria yule mlinzi, usiku baada ya usiku, akiwasha taa kwa ajili ya watu ambao asingewaona nyuso zao kamwe.

Mwaka 1991 Bibi mmoja wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller, alianza mpango wa kukihifadhi kisiwa, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikatangaza rasmi kwamba mwamba wa upande wa magharibi ni hifadhi, usivuliwe samaki. Mwamba huo ulikuwa umesalimika kwa bahati nzuri: uko karibu na njia ya meli na karibu na eneo la jeshi, kwa hiyo wavuvi walikuwa hawaukaribii sana. Nilivaa miwani ya maji nikaweka mrija mdomoni, nami mtu wa nchi kavu nikashika boya kwa nguvu zangu zote. Yaliyoko chini siwezi kuyaeleza vema. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 400 za samaki na aina 200 hivi za matumbawe; mimi nilihesabu mpaka 20 nikaacha.

Sasa nije kwenye nyumba zenyewe. Ziko 7 tu, zimejengwa kwa boriti na kuezekwa kwa makuti, zimejificha ndani ya msitu hata mtu aliye baharini aweza kupita asizione. Upande unaotazama bahari hauna ukuta. Kitanda kiko juu, katika dari, na sehemu ya mbele ya paa hufunguka ili upepo uingie. Umeme ni wa jua, nao ni wa taa chache. Usiku njiani hutumia tochi, wala hapana taa za nje, kwa sababu wanyama wa usiku husumbuliwa na mwanga. Na hao wanyama ni pamoja na kaa wakubwa mno wapandao miti, ambao mmoja wao alinifanya niruke kama kijana.

Lakini paa! Mimi niliposimama chini ya paa lile nilisahau kaa na samaki. Limejengwa pana na lenye mteremko mkubwa, si kwa urembo, bali kwa kukinga mvua. Maji ya mvua huteremka, hupita katika chujio la mchanga na kokoto, kisha huingia katika birika la saruji lililo chini ya sakafu ya sebule. Mgeni hukaa kitini akinywa chai, na maji yake ya mwaka yako chini ya miguu yake. Akitaka kuoga, maji husukumwa kwa pampu ya mkono mpaka tangi la juu, na hupashwa moto kwa jua. Yakishatumika, hayamwagwi ovyo. Huelekezwa katika vitalu vya mimea iliyochaguliwa kwa kunywa uchafu wa sabuni, yasije yakateremka kwenye matumbawe. Choo nacho hakitumii hata kikombe kimoja cha maji. Mtu humwaga kopo la mboji kavu, basi. Niliingia kwa mashaka, nikatoka nimeridhika, maana hakikuwa na harufu hata kidogo.

Jioni nikakaa na yule mwangalizi barazani.

"Na kwenu huko Voi, mzee, maji mwapata wapi?"

Nikamweleza habari za Mzima. Maji ya mvua yanayoangukia milima ya Chyulu huzama katika mawe ya volkano, na baada ya safari ndefu chini ya ardhi hububujika Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo, maji safi kama kioo. Katika miaka ya 1950 Serikali ililaza bomba kutoka huko hata Mombasa.

"Linapita kwenu?"

"Lapita katika nchi yetu."

Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama anayeogopa kukosa adabu, "Sasa, mzee, bomba likipita, nyinyi hamnywi?"

Nikamjibu kwamba wengine hunywa, nasi mjini hupata kiasi, lakini wako watu wengi katika wilaya zetu wanaoishi si mbali na bomba hilo na bado hununua maji kwa dumu. Malalamiko hayo ni ya miaka mingi, yamesemwa katika mikutano na katika mabaraza ya kila namna. Hifadhi ya Tsavo, iliyoanzishwa mwaka 1948, imechukua kiasi cha asilimia 62 ya eneo la kaunti yetu ya Taita Taveta. Chemchemi imo ndani ya hifadhi. Na mtu wa kando ya hifadhi huona maji yakienda pwani na ndovu wakija shambani kwake.

Usiku sikulala upesi. Mwanga wa mnara ulikuwa ukipita juu ya bahari, nami nikawa nafanya hesabu, na hesabu hiyo napenda kumpa msomaji kwa sababu ni rahisi. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukua nyumba ya kawaida ya Voi, mabati yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Katika mwaka wa milimita 500, paa hilo hupokea lita 30,000. Tuseme moja ya tano imepotea kwa kuruka, kwa kukauka na kwa kumwaga maji ya mvua ya kwanza yanayoosha vumbi. Zimebaki lita 24,000. Hayo ni madumu 1,200 ya lita 20. Jamaa ya watu 6 wakitumia madumu 4 kwa siku, watakaa siku 300. Tena bati hukinga maji vizuri kuliko makuti.

Shida si paa, ni mahali pa kuyaweka. Mvua zetu huja kwa vipindi viwili, masika ya Machi hata Mei na vuli ya Oktoba hata Desemba, ambayo kwetu ndiyo ya kutegemewa zaidi. Kati ya Mei na Oktoba pana miezi 5 ya ukavu, yaani siku 150, na jamaa ile itahitaji lita 12,000 zilizokwisha kuwekwa. Tangi la kiasi hicho ni fedha nyingi kwa mkulima wa Mwatate au mchuuzi wa soko la Voi. Nyumba za Chumbe zilijengwa kwa mtaji, na birika lilichorwa katika ramani kabla ya kitanda. Kwetu mtu hujenga nyumba kwanza, na maji huyafikiria akisha kuhamia. Na ndovu naye hunusa maji kutoka mbali. Tangi lililo nje huko Sagalla au Kasigau laweza kuvunjwa kwa usiku mmoja, na katika hilo birika la chini ya sakafu lina akili zaidi kuliko pipa la plastiki lililosimama uani.

Wako watakaosema kwamba nikisifu mapaa nawapa wakubwa udhuru wa kutotuletea bomba. La, sivyo. Zanzibar hupata mvua zaidi ya mara mbili ya ile ya Voi, na tena katika ukame mkubwa uliokuwapo mwaka 2022 mvua zetu zilikosa msimu baada ya msimu, hata wanyama wa Tsavo wakafa kwa wingi. Katika miaka kama hiyo paa halina la kukinga. Haki yetu katika maji ya Mzima ni jambo moja, na maji yanayomwagika kutoka kwenye mabati yetu kila Novemba yakaenda kuchimba makorongo barabarani ni jambo la pili. La kwanza lataka Serikali. La pili lataka fundi, saruji na mifereji ya paa, na nadhani vyama vyetu vya akiba na vikundi vya akina mama vyaweza kulianza kesho.

Asubuhi tulitembea katika msitu. Miti imeota juu ya jiwe tupu, mizizi ikitafuta nyufa, na humo wametiwa paa nunga, mnyama mdogo ambaye ni adimu sana duniani. Nilikumbuka misitu yetu ya fighi huko Taita, ambayo wazee waliilinda kwa miiko mtu asikate hata fimbo. Wazee wale hawakuwa na tuzo yoyote. Chumbe ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa mwaka 2000, nayo ilistahili. Mapato ya wageni ndiyo yanayolipa walinzi, na ndiyo yanayowaleta watoto wa shule za Zanzibar kutazama mwamba wao wenyewe. Mwangalizi alinieleza kwamba wako watoto waliozaliwa kando ya bahari ambao hawajapata kutazama chini ya maji mpaka waletwe hapo, na wasichana hufundishwa kuelea pamoja na wavulana.

Anayetaka kwenda afahamu kwamba nafasi ni chache, kwa kuwa nyumba ni 7 tu, basi apange mapema. Wakati wa masika makubwa kisiwa hufungwa kwa majuma kadhaa. Asiyeweza kulala aweza kwenda kwa siku moja akarudi jioni, kama nafasi ipo, kwa bei iliyo nafuu. Achukue tochi na viatu vya kutembelea juu ya mawe makali, na akionyeshwa nyumba yake, aombe pia aonyeshwe chujio na mlango wa birika. Mimi niliomba, nikafunguliwa, na maji yalikuwa yamefika karibu na ukingo.