Kwa Nini Wengi Wetu Hatuendi Kazini kwa Pikipiki



Hapa Unguja pikipiki inapita popote, haikai foleni. Lakini simama Mwanakwerekwe saa moja asubuhi, utawaona wanawake wamejaa wanasubiri daladala. Mtu akikwambia ni woga tu, usimkubalie. Sababu zipo.

Kwanza ni nguo. Mimi ni fundi, baibui nalijua: limekatwa kwa mtu anayetembea. Ukitanua miguu kukaa kwenye pikipiki, pindo linapanda hadi gotini. Mtandio mrefu nao unapeperuka kuelekea tairi la nyuma, na ukinaswa kwenye spoku au mnyororo, unakuvuta chini. Kukaa upande mmoja kunasitiri, lakini hushiki vizuri, na kwenye kona unateleza.

Pili ni anayeendesha. Kijana wa bodaboda si maharimu wako, na breki moja tu inatosha kukubwaga mgongoni kwake. Dharura ina hukumu yake. Kila siku asubuhi na jioni, moyo hautulii.

Tatu ni mvua na watoto. Masika, Machi mpaka Mei, unafika kazini umerowa na nguo imekuganda mwilini. Ukijaaliwa mtoto wa kumpeleka skuli, safari inageuka mshikaki: baba mbele, mtoto kati, mama nyuma, na helmeti ni moja.

Lakini tusiizulie dini lisilokuwemo. Mtume (S.A.W.) aliwasifu wanawake wa Kikureshi miongoni mwa wanawake wapandao ngamia. Kupanda si aibu. Kinachotakiwa ni stara na usalama.

Kwa anayepakiwa na mumewe, au mwenye Vespa yake, mwambie fundi wako hivi: jalabia pana yenye marinda kuanzia kiunoni, suruali ya kitambaa kile kile ndani, mikono yenye lastiki, na mtandio mfupi unaoingia ndani ya kola. Pini zisikae chini ya helmeti. Vespa ina nafuu, kwa kuwa anayeendesha anaweka miguu pamoja mbele, na tairi limefunikwa zaidi.

Sasa nyinyi mnaotarajia kuolewa. Biharusi anakuja kwangu mara nne kwa ajili ya rangi ya gauni tu. Nikimuuliza atakwendaje kazini mjini akishahamia Fuoni au Bububu, ananiambia, "Mume ana pikipiki." Je, mume anaingia kazini saa ngapi? Siku ya mvua itakuwaje? Ukiwa mjamzito? Nauli ya daladala atatoa nani? Nimewaona walioacha kazi wanazozipenda kwa sababu hayo hayakuzungumzwa, halafu kila mmoja akamlaumu mwenziwe.

Muulize kabla ya nikah, kwa upole, mbele ya walii ikibidi. Si tamaa, ni kupanga maisha.

Na mkipanda chombo chochote, msisahau dua yake. Allah awafikishe salama, na awape ndoa zenye kheri. Amin.