Siku Tatu Siyu, Mkekani kwa Shangazi



Madrasa ilipofungwa nilisafiri kwenda Siyu, katika kisiwa cha Pate, kumzuru shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Ziara hiyo nilikuwa nimeiahirisha kwa miaka minne. Kilichonitoa nyumbani safari hii, nakiri mapema, ni karatasi ya daktari. Nilipimwa damu nikaambiwa kwamba sukari imepanda. Haijafika kiwango cha ugonjwa, lakini imo njiani. Nina umri wa miaka 56. Baba alifariki kwa maradhi hayo akiwa na miaka 63, baada ya kukatwa mguu. Shangazi, aliyezaliwa naye tumbo moja, amepita 80 na bado huteka maji yake mwenyewe. Nilitaka kwenda kuona anakula nini.

Kutoka Mombasa hadi Mokowe ni safari ya mchana kutwa kwa basi, nami nilikula kama wasafiri wengine. Malindi nilinunua viazi karai, Garsen soda, na Witu mahamri mawili kwa chai ya maziwa yenye sukari tele. Sikuwa na njaa hata mara moja. Basi lilisimama, wachuuzi wakaja dirishani, mkono ukatoka.

Nililala Amu. Asubuhi nilipanda boti ya Mtangawanda, ambayo hungojea maji yajae, kwani mlango wa Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki vyema maji yakikupwa. Tulipita katikati ya mikoko, abiria wakinyamaza kwa upepo. Mtangawanda nilichukua pikipiki hadi Siyu, na baada ya kuuona ukuta wa ngome nikajua nimefika.

Nilimbusu shangazi mkono, nikamkabidhi zawadi: kopo la haluwa, biskuti na kilo mbili za sukari. Aliniombea dua ndefu, kisha akawaita watoto wa jirani, akawagawia vyote nikiwa sijamaliza hata kunywa maji.

“Ahsante, mwanangu,” akasema. “Ila umeniletea vitu vya harusi, na hapa hakuna bi harusi.”

Siku tatu nilikula naye mkekani. Baada ya sala ya alfajiri ni uji wa mtama usiotiwa sukari, au mkate wa mofa wa unga wa mtama, na kahawa chungu kwa tende moja. Adhuhuri tulikula tasi wa kuchoma, kunde na mchicha, na limau la kukamulia. Jioni, kabla ya magharibi, hula kilichobaki pamoja na papai au ndizi, na baada ya isha hali kitu. Nazi hutia, lakini tui lake ni jepesi. Wali hupikwa Ijumaa. Nyama, akaniambia, huiona Idi au ikija sinia ya khitima.

Usiku wa pili nilimuuliza juu ya baba. Alikaa kimya kidogo akizungusha tasbihi.

“Babako alipohamia Mombasa,” akasema, “alikula kila siku kile tulichokuwa tukikila siku ya Idi.”

Neno hilo lilinikaa, kwa sababu mimi nimemzidi. Sheikh huitwa kwenye akdi, khitima na maulidi, na kila aitwapo huwekewa biriani na soda, akahimizwa kwa jina la baraka. Mfunguo Sita uliopita nilihesabu sinia tisa katika wiki moja. Nami ndiye ninayewafundisha vijana wa madrasa mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, kinywaji na pumzi!

Ndugu wasomaji, sitaki mdhani kwamba Siyu hakuna wagonjwa. Mume wa shangazi alikula mkeka ule ule, naye alifariki kwa kiharusi. Alipenda ng'onda wa chumvi nyingi, na tumbaku hakuiacha. Shangazi mwenyewe hasifu zamani. Anakumbuka miaka ya njaa, na watoto wawili aliowazika.

Tena mtu mmoja si ushahidi. Kuna utafiti uliotolewa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine, uliofuatilia kwa muda wa hadi miaka 30 watu zaidi ya 105,000 wa Marekani, wote wakiwa wafanyakazi wa fani za afya. Watafiti walitazama walivyokula katika umri wa makamo, kisha wakauliza ni nani aliyefika miaka 70 bila maradhi makubwa ya kudumu, akiwa na akili timamu, moyo mtulivu na mwili unaojiweza. Walikuwa 9 tu hivi katika kila 100. Waliozidi kula matunda, mboga, nafaka zisizokobolewa, kunde na jamii ya njugu walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa miongoni mwao. Waliozidisha chumvi, vinywaji vya sukari na nyama nyekundu, nafasi yao ilipungua. Utafiti wa namna hii huonyesha mwelekeo, haumpi mtu yeyote dhamana. Kilichonishtua mimi ni kwamba hesabu ilianza wakiwa bado wazima, wenye umri kama wangu na wenu, ilhali sisi aghalabu huanza kuchunga kinywa siku tunapoandikiwa dawa.

Akina mama watasema kwamba lawama itawarudia wao jikoni. Sivyo. Mpishi hupika anachodaiwa, na nyumbani kwangu mimi ndiye niliyekuwa nikinuna nisipoona wali. Mke wangu alikwisha kujaribu kunde mara mbili tatu kwa juma. Nikamuuliza kama fedha za matumizi zimekwisha.

Siku ya kuondoka shangazi alinifungia pishi mbili za mtama katika kikapu. Nilipofika nyumbani mke wangu aliupeleka mashineni ukasagwa. Mkate wa kwanza ulipasuka vipande, watoto wakacheka, wakaomba mahamri. Wa pili aliuchanganya na unga kidogo wa ngano, ukashikana, na mdogo akaumaliza kwa mchuzi wa samaki. Ijumaa iliyofuata nilialikwa khitima. Nilikula upande wangu wa sinia, nikanawa mapema, na mwenye nyumba akaniuliza kama chakula kilikuwa na kasoro. Nilimwambia kuhusu karatasi ya daktari; akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba naye anayo.

Kipimo cha pili nimepangiwa baada ya miezi mitatu. Shangazi ameagiza nimpigie simu siku hiyo hiyo, majibu yakiwa mazuri au mabaya.